Waya, hewa na seva ya jumba la masomo

Haya ni mazungumzo ya fundi wa kujitolea, mkimbizi mwenzetu, aliyoyatoa mbele ya walimu, wazazi, viongozi wa zoni na vijana wa darasa la kompyuta. Tunayachapa kwa sababu wengi walikosa nafasi ya kukaa ukumbini, na wengine walituomba zile amri zilizoandikwa ubaoni. Amri tumezipanga katika mistari yake zenyewe. Anayezinakili azinakili kama zilivyo, nukta kwa nukta, kwa maana kompyuta haisamehi nukta.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu, akina mama, na ninyi vijana mliokaa hadi madirishani, hamjambo. Nashukuru kwa nafasi hii. Niliombwa nieleze namna ya kuweka mtandao wa waya na wa hewani kwenye seva yetu, na nitaeleza. Lakini nina neno la kutanguliza, kwa kuwa nikilinyamazia nitakuwa nawafundisha huku nimeficha kitu mfukoni.

Mnakumbuka zile siku 11 ambazo seva ilinyamaza. Wanafunzi wa mwaka wa sita walikuwa wamebakiza wiki tatu waingie kwenye mtihani wa serikali, na mazoezi yao yote yamo ndani ya ile kompyuta. Walikuja, wakawasha simu, hawakuona kitu. Walikaa kwenye zile kompyuta sita za waya, hawakuona kitu. Kufika siku ya tatu yakaanza maneno kwamba kuna mtu ameiba kifaa ndani ya seva. Na kwa kuwa usiku ule wa Jumamosi mlinzi wa zamu alikuwa kijana mmoja tunayemjua sote, maneno yakamwangukia yeye. Akasimamishwa zamu. Posho yake ikazuiwa. Mama yake akawa hapiti kisimani bila kusikia watu wakinong'ona.

Hakuna kilichoibwa. Ile Jumamosi jioni mimi mwenyewe niliifungua seva, nikaongeza kadi ya pili ya mtandao, nikaifunga, nikaiwasha. Niliona kioo kinaomba jina na neno la siri, nikasema imewaka, nikaenda zangu. Sikujaribu hata simu moja. Asubuhi yake nilikuwa na kibali cha kutoka kambini kumpeleka mama yangu hospitali, na nilirudi baada ya siku 11. Nilipokaa mbele ya kile kioo kosa nililiona kwa dakika nne. Lilikuwa kosa langu. Nimekwisha kulisema mbele ya viongozi wa zoni, na leo nalisema hapa. Mlinzi amerudishiwa zamu yake. Posho ya zile siku bado, barua iko mezani, nami nimeitia sahihi.

Sasa nawaeleza kosa lenyewe, maana ndani yake ndimo lilimo somo lote la leo.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Watu wengi hapa husema "intaneti imekatika" wakimaanisha seva. Intaneti ni ile ya dunia nzima, nayo hailetwi bila modemu, vifurushi na ruhusa. Mtandao wa jumba letu ni kitu kingine: ni kompyuta moja yenye masomo, vitabu vya shule, na Wikipedia ya Kiswahili na ya Kifaransa iliyohifadhiwa kwa programu ya Kiwix, ikizungumza na kompyuta na simu zilizomo humu ukumbini tu. Hata nguzo zote za simu zikianguka leo, mtandao huu unaweza kuendelea, ilimradi betri za sola zina nguvu.

Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, ndani yake kuna Linux ya aina ya Debian. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland, na Debian ikaanzishwa mwaka 1993. Hailipiwi. Akija mtu kuwadai fedha za "leseni ya Linux", mwambieni aketi kwanza aeleze vizuri.

Kila mahali ambapo mtandao unaingia kwenye kompyuta, mimi nitapaita mlango. Soketi ya kebo ni mlango. Kadi ya waifai ni mlango, ingawa hauonekani. Kuitazama milango ya seva unaandika:

ip -br link

Itakuja orodha fupi. Wa kwanza unaitwa lo, huo ni wa kompyuta kujisemesha yenyewe, uacheni. Inayobaki huwa na majina kama enp2s0 au wlp3s0. Herufi mbili za mwanzo zinasema aina: en ni wa kebo, wl ni wa hewani. Vinavyofuata vinasema mahali kadi ilipochomekwa ndani ya kompyuta, yaani njia ya ngapi na tundu la ngapi. Kwa hiyo jina si la kadi yenyewe. Jina ni la mahali ilipo.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kabla ya ile Jumamosi, mlango wa kebo wa ukumbi uliitwa enp2s0 na wa hewani wlp3s0. Nilipoongeza kadi mpya, kompyuta ilihesabu upya. Kadi mpya ikachukua namba 2, ile ya ukumbi ikasukumwa ikawa enp3s0, ya hewani ikawa wlp4s0. Ni kama vile mtu amejenga nyumba mpya mwanzoni mwa mstari, halafu karani akaandika upya namba za nyumba zote, na barua zikaendelea kupelekwa kwa namba za zamani.

Faili la maagizo lilisema: mpe enp2s0 anwani ya ukumbi. Kompyuta ikatii, ikampa. Lakini enp2s0 sasa ilikuwa kadi mpya isiyo na kebo. Wala haikulalamika, kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa sawa. Upande wa hewani, programu inayorusha waifai ilitafuta wlp3s0, haikuipata, ikaacha kazi. Milango yote miwili ikafa usiku mmoja, na mtu asiyejua angeona ni kweli, huu ni wizi.

Dawa yake ni kuupa kila mlango jina linalofuata kadi yenyewe. Kila kadi ina anwani ya kiwandani, namba na herufi kumi na mbili zilizogawanywa kwa nukta pacha, ambayo mnaiona kwenye ile orodha ya kwanza. Unatengeneza faili moja kwa kila kadi. La ukumbi linaitwa /etc/systemd/network/10-ukumbi.link, na ndani yake:

[Match]
MACAddress=aa:bb:cc:dd:ee:ff
[Link]
Name=ukumbi0

Hizo aa na bb ni mfano tu. Hapo mnaweka anwani ya kadi yenu. Kisha mnaandika update-initramfs -u na kuizima kompyuta na kuiwasha. Seva yetu sasa ina milango mitatu: ukumbi0 ni wa kebo za humu ndani, hewa0 ni wa waifai, na nje0 ni ule wa kadi mpya, unaosubiri modemu. Ongezeni kadi kumi, ukumbi0 itabaki ukumbi0. Na majina haya hata mtoto akiyasoma ataelewa.

Tuje kwenye anwani. Kila kifaa kwenye mtandao kina anwani ya namba nne, kwa mfano 192.168.10.1. Ifikirieni kama anwani yetu ya kambini: zoni, kijiji, mstari, nyumba. Alama ya /24 inayoandikwa mwishoni inasema kwamba namba tatu za mwanzo ni za mtaa mzima, na ya nne tu ndiyo ya nyumba. Vifaa vya mtaa mmoja huzungumza moja kwa moja, vya mitaa miwili huhitaji mtu katikati.

Anwani zinazoanza na 192.168 ziko katika mafungu matatu yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani. Mafungu mengine ni la 10, na la 172.16 hadi 172.31. Utaratibu wanaoufuata watu hadi leo uliandikwa mwaka 1996, mwaka uleule ambao wazee wengi waliokaa mbele yangu walivuka Ziwa Tanganyika. Hizi hakuna anayekudai kodi yake wala kibali.

Kwenye Debian maagizo ya anwani huandikwa katika faili /etc/network/interfaces. La kwetu linasomeka hivi:

auto ukumbi0
iface ukumbi0 inet static
    address 192.168.10.1/24

auto hewa0
iface hewa0 inet static
    address 192.168.20.1/24

allow-hotplug nje0
iface nje0 inet dhcp

Neno static maana yake anwani haibadiliki. Seva ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa wote wanaitafuta. Zahanati haihamihami kila asubuhi. Neno dhcp maana yake mlango huo utaomba anwani kwa mwingine, na nje0 itaiomba kwa modemu siku ikifika. Mtauliza kwa nini nje0 sikuiandikia auto kama wenzake. Mlango wa dhcp wenye auto usipopata jibu unaifanya kompyuta ikae ikingoja wakati wa kuwaka, na watu hudhani imeharibika. Allow-hotplug husema: kifaa kikionekana, shughulika nacho, lakini usiwazuie wengine.

Angalieni pia kwamba sikuandika mstari wa gateway, yaani njia ya kutokea nje, kwenye ukumbi0 wala hewa0. Milango hiyo haitoki nje. Nimeona mafundi wanaujaza kila mahali kama chumvi, halafu siku ya kuunganisha intaneti mashine haijui ipite wapi.

Kabla ya kugusa faili hili, linakili:

cp /etc/network/interfaces /root/interfaces.zamani

Kisha rekebisha, na ujaribu mlango mmoja kwa kuufunga na kuufungua:

ifdown ukumbi0
ifup ukumbi0

Na tafadhali, kazi hii fanya ukiwa umekaa mbele ya seva yenyewe, na kioo chake na kibodi yake. Ukiwa umeingia kupitia mtandao kutoka kompyuta nyingine, ukaandika ifdown, umekata tawi ulilokalia.

Wenye Ubuntu kwenye shule nyingine, kwenu faili liko ndani ya /etc/netplan, na huandikwa kwa kupanga nafasi za mwanzo wa mstari kwa uangalifu. Msitumie kitufe cha kurukia, tumieni nafasi za kawaida. Kuna amri nzuri, netplan try, ambayo hujaribu maagizo mapya, na usipothibitisha ndani ya dakika mbili hurudisha ya zamani. Natamani Debian nayo ingekuwa nayo siku ile. Ila msitumie njia mbili kwa mlango mmoja, kwa sababu wapishi wawili kwenye chungu kimoja watatia chumvi mara mbili.

Kebo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu matatizo mengi niliyoitiwa hayakuwa ya kompyuta, yalikuwa ya kebo.

Ndani ya kebo kuna nyaya nane, jozi nne zilizosokotwa. Ule msokoto si urembo. Ndio unaozuia jozi moja isisikie kelele za nyingine. Ukifungua msokoto mrefu ili iwe rahisi kupanga, umeiharibu. Fungua kiasi cha upana wa kidole tu. Shika plagi, kilimi chake kikiwa chini na kebo ikielekea kwako, kisha panga kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha ya pili panga vilevile. Ganda la nje la kebo liingie ndani ya plagi na libanwe, la sivyo mtoto mmoja akiivuta kwa mguu nyaya zitatoka.

Kipande kimoja kisizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Na hizo ni mita za kebo, si za hatua zako. Kebo inapanda ukutani, inapita darini, inashuka.

Msipitishe kebo ya shaba hewani kutoka jengo hadi jengo. Najua shule ya pili iko karibu na mnaiona kwa macho. Lakini eneo hili letu la maziwa, hasa upande wa mashariki ya Kongo, ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa radi nyingi kuliko zote. Radi si lazima iipige kebo. Ikipiga mti wa jirani inatosha, umeme hukimbilia kwenye shaba ndefu na kuingia kwenye swichi, kwenye seva, kwenye kompyuta zote sita kwa pamoja. Mvua ikianza kunguruma, mlinzi wa zamu achomoe kebo zote kwenye swichi na plagi ya umeme. Asiombe ruhusa kwa mtu.

Kisha panya. Sina dawa ya panya. Tumepitisha kebo ndani ya mabomba ya plastiki, wanakula ncha.

Mtandao wa hewani una tabia nyingine kabisa. Kwenye kebo, kila kompyuta ina barabara yake hadi kwenye swichi. Hewani wote wako kwenye mkutano mmoja: anayesema ni mmoja kwa wakati, wengine wanangoja. Ndiyo maana simu tano zinakwenda vizuri, na simu arobaini zinakuwa kama hazipo. Video za masomo zitazamwe kwenye kompyuta za kebo. Waifai iwe ya kusoma maandishi na mazoezi.

Si kila kadi ya hewani inaweza kurusha mtandao. Nyingine zinajua kupokea tu. Kabla hujanunua au hujapokea msaada wa kadi, ijaribu kwa amri iw list, uangalie kwenye orodha ya aina za kazi kama kuna neno AP. Kadi nyingi pia huhitaji faili dogo la kiwandani ndipo ziamke. Zamani Debian haikuliweka kwenye diski ya kusimikia, na tulihangaika sana. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 yanakuja pamoja. Kadi ikionekana lakini haiwaki, tazama rfkill list. Huenda imefungwa, na rfkill unblock wifi itaifungua.

Programu ya kurusha inaitwa hostapd. Faili lake ni /etc/hostapd/hostapd.conf:

interface=hewa0
ssid=JUMBA-LA-MASOMO
country_code=TZ
hw_mode=g
channel=6
wpa=2
wpa_key_mgmt=WPA-PSK
rsn_pairwise=CCMP
wpa_passphrase=

Mbele ya mstari wa mwisho mnaweka neno la siri, lisilopungua herufi 8 wala kuzidi 63. Siliandiki hapa ubaoni, mnaelewa kwa nini. Alama ya nchi ni TZ kwa Tanzania. Ndugu zetu walioko Kenya wataandika KE, na walioko Uganda UG. Channel ni mkondo wa redio. Kwenye masafa haya tumieni 1, 6 au 11 tu, kwa sababu mikondo ya katikati inapandana. Ofisi ya jirani ikiwa kwenye 6, sisi tuhamie 1 au 11. Debian huifunga hostapd mwanzoni kwa makusudi, kwa hiyo:

systemctl unmask hostapd
systemctl enable --now hostapd

Faili lenye neno la siri lisomwe na mkuu wa seva peke yake: chmod 600 /etc/hostapd/hostapd.conf.

Inabaki kugawa anwani kwa wageni. Simu ikiingia inauliza: nikae wapi? Anayejibu kwetu ni programu ya dnsmasq. Mistari yake inatosha hii:

interface=ukumbi0
interface=hewa0
dhcp-range=192.168.10.50,192.168.10.200,12h
dhcp-range=192.168.20.50,192.168.20.200,12h

Yaani wageni wapewe nyumba kuanzia 50 hadi 200, kwa saa 12, kisha zirudi. Kuanzia 2 hadi 49 tumeziacha kwa vifaa vyetu vya kudumu, kama printa.

Mgawaji anatakiwa awe mmoja tu katika mtaa. Kuna mwalimu, nia yake ilikuwa njema, alileta ruta yake ya nyumbani akaichomeka kwenye swichi ili aongeze matundu. Ruta nayo ikaanza kugawa anwani. Nusu ya ukumbi ikapata 192.168.10, nusu ikapata 192.168.1, na hao wa pili hawakuiona seva. Mkiona kompyuta moja inafanya kazi na ya pembeni yake haifanyi, tazameni kwanza anwani zao. Zikiwa za mitaa miwili, tafuteni ruta ya mgeni kwenye swichi.

Sasa jambo la usalama, na hapa nawaomba wazazi wasikilize pia. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kurusha waifai na kuiita JUMBA-LA-MASOMO. Simu yako haitambui sauti, inatambua jina. Kwa hiyo mtandao wetu hautakuomba kamwe namba ya kadi yako ya mgao, namba ya ukimbizi, wala neno la siri la akaunti ya fedha. Ukiona ukurasa unaokuomba hayo, zima waifai, njoo umwambie mlinzi. Pili, ndani ya seva hii kusiwekwe orodha ya majina ya watu, nakala za faili za usaili, wala picha za familia. Tumeshaombwa tuhifadhi, tukakataa. Wengi wetu tumekimbia watu wanaotutafuta kwa majina. Kompyuta ya masomo ibaki na masomo.

Siku mtandao ukinyamaza tena, na utanyamaza, nendeni kwa mpango huu. Tazama taa ya soketi ya kebo: haiwaki, ni kebo au swichi au umeme, usiguse faili lolote. Inawaka, andika ip -br addr kwenye seva, uone kama ukumbi0 imeandikwa UP na ina 192.168.10.1. Kama ina anwani lakini imeandikwa DOWN, ndiyo hali niliyoikuta mimi kwenye kadi mpya: anwani imekaa kwenye mlango usio na kebo. Kama ni UP, nenda kwenye kompyuta ya mwanafunzi uandike ping 192.168.10.1. Ikijibu, mtandao ni mzima, shida iko kwenye programu ya masomo. Isipojibu, tazama anwani ya hiyo kompyuta. Upande wa hewani, systemctl status hostapd itakueleza kama imeacha kazi, na mara nyingi mstari wa mwisho unataja sababu.

Na kila anayegusa kitu aandike kwenye daftari la kaunta: tarehe, saa, jina lake, alichobadilisha. Kama ile Jumamosi ningeandika "nimeongeza kadi, jioni", mlinzi asingeulizwa swali hata moja. Nimeandika sasa, ukurasa wa kwanza. Halafu ujaribu kwa simu moja na kompyuta moja ya kebo kabla hujatoka mlangoni.

Nitajibu maswali mawili niliyoletewa kwenye karatasi.

Mama mmoja anauliza kama simu ya mwanawe ikiingia kwenye mtandao huu inakula salio. Mtandao wetu haukati hata shilingi, mama. Lakini kuna mtego. Simu nyingi zikiona waifai isiyo na intaneti hulalamika, na baadhi hurudi kimyakimya kwenye data ya laini, ndipo kifurushi kinapokwisha huku mtoto anaapa alikuwa jumba la masomo. Anasema kweli. Azime data kwanza, ndipo awashe waifai, na simu ikiuliza kama abaki kwenye mtandao usio na intaneti, ajibu ndiyo.

Mzee wetu wa mstari wa mbele anauliza mlango wa nje0 utafunguliwa lini. Mzee wangu, kadi ipo, faili lipo, kebo haipo na ruhusa haipo. Vyote viwili vikija, kazi iliyobaki kwa upande wetu ni ya asubuhi moja. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo.

Mazoezi yataanza Jumanne saa tisa alasiri, kwa makundi matatu, watu sita kila kundi, na nusu ya nafasi ni za wasichana kama tulivyokubaliana. Kundi la amri litakuwa na mimi. Kundi la waifai atalichukua mwalimu wa hisabati. Kundi la kebo litaongozwa na mlinzi wetu kijana, ambaye katika zile siku alizokuwa hana zamu alijifunza kubana plagi, na sasa anabana vizuri kuniliko. Koleo ni moja tu, kwa hiyo njooni mapema.